Golikipa Hatoki

Kocha wetu alikuwa na maadui wawili duniani: mlango usiofungwa na mtu mzima anayekula aiskrimu. La mlango nitalieleza baadaye, kwa sababu ndilo lililotuponza. La aiskrimu lilikuwa kichekesho tu. Mtu aliyemaliza nusu ya umri wake juu ya barafu, akifundisha vijana kuteleza na magongo mkononi, hakuthubutu kugusa maji ya friji. Alikunywa chai ya tangawizi iliyochemka mpaka ikakasirika, akiibeba kwenye chupa kutoka kwake Troyeville. Tulipomtania kwamba kocha wa barafu anaogopa baridi, alitujibu, "Mpishi halali jikoni."

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sitasema, maana sikumwuliza na yeye hakuwa mtu wa kujitangaza. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga, hilo lilinitosha. Mchezo huu wa magongo alijifunzia Urusi, alikopelekwa ujanani kusomea uinjinia, akafika huko na sweta moja na hamu kubwa ya kurudi nyumbani. Alisema alijiunga na wachezaji kwa sababu aliwaona wanatoka jasho, na yeye tangu ashuke kwenye ndege hakuwa ametoka jasho hata tone. Akikasirika sana alitukana kwa Kirusi. Hatukujua maana, ila tulijua pa kujificha.

Wageni hunibishia kwamba Johannesburg hakuna barafu. Ipo, iko ndani ya jengo la maduka, ghorofa ya chini, na ukitoka mazoezini unapita kwenye harufu ya bisi za sinema na dirisha la duka la viatu. Pale ndipo chuo chetu cha Braamfontein kilipochezea. Mchana Kocha alitufundisha nguvu za mashine darasani, jioni alitufundisha kisahani. Kisahani ndicho mpira wetu: kidude cheusi cha mpira mgumu, kinateleza kwa kasi ambayo jicho la mtu wa kawaida linakikuta kimeshapita.

Mimi nilikuwa golikipa wake. Nililetwa hapa mdogo kutoka Bukavu, nikakulia Bertrams nyuma ya saluni ya mama yangu, ambaye ni msusi. Siku moja darasani Kocha alimrushia kifutio kijana aliyesinzia mbele yangu, nami nikakidaka kabla hakijamfikia. Akaacha kufundisha. Akaniuliza, mbele ya darasa zima, navaa viatu namba ngapi. Wiki iliyofuata nilikuwa nimefungwa magodoro miguuni na kifuani, nimesimama kwenye goli, natetemeka. Mama alipokuja kujua alishika kiuno.

"Munaenda kuangukia kwenye baridi, tena munalipa?" alisema. "Kwetu mutu anaangukaka bure."

Kiswahili hiki ninachoandikia si cha mama. Ni cha Kocha. Alikuwa akinisahihisha hata ninapougulia kisahani cha kifuani, na nikimwambia "iko sawa" ananijibu "ni sawa", huku ananikagua mbavu kwa vidole. Nilimwona msumbufu. Sasa nikiandika namsikia pembeni, na simkatazi.

Jambo lake kubwa lilikuwa salamu. Kwake mazoezi hayakuanza mpaka amemwendea kila mchezaji na kumwuliza habari za nyumbani, na hakukubali jibu la haraka haraka. Vijana wetu walikuwa wa kila aina, wa Soweto, wa Lenasia, Waafrikana wazungu wa huko Benoni, na wote mwanzoni walimjibu "sharp, Kocha", yaani poa tu, kama wanavyojibiwa madereva.

"Sharp ni kisu," aliwaambia. "Mimi nimekuuliza habari za mama yako."

Basi wakajifunza kujibu. Mmoja akasema mama yake kalazwa, na siku ile Kocha akaahirisha mazoezi ya mbio, tukakaa tukamsikiliza. Wakajifunza na shikamoo pia. Ungewasikia wale vijana wakubwa, wamevaa kofia ngumu na meno ya plastiki, wanaingia mmoja mmoja: "Shikamoo, Kocha." Naye anaitika kila moja, marahaba, marahaba, kama mtu anayepokea haki yake. Kabla ya kila mechi alitupanga mstari akatupeleka upande wa wapinzani, tukawape mkono wote. Timu nyingine mwanzoni walidhani tunawafanyia dhihaka. Kocha aliamini kwamba usiyemsalimia utamwumiza kwa urahisi, na mchezo wetu ni wa kugongana.

Kwa hiyo alikuwa mpole? Hapana. Alikuwa na ubishi wa punda. Alikuwa na neno moja ambalo liligeuka wimbo chuoni, tukaliandika hadi kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo: Golikipa hatoki.

Neno hilo linahitaji kuelezwa. Katika mchezo wetu, timu ikiwa nyuma kwa goli moja na muda umekaribia kwisha, kocha humwita golikipa benchini na kuingiza mshambuliaji wa ziada. Mnakuwa wengi mbele, lakini goli lenu linabaki wazi, halina mtu. Ni kamari, na kila kocha ninayemjua huicheza, maana aliyekwisha kufungwa hana cha kuogopa. Kocha wetu hakuicheza hata mara moja. Tulipoteza mechi kwa goli moja, tukapoteza na nyingine, na nahodha akimsihi dakika ya mwisho kila mara, naye anakunja mikono kifuani.

"Nyumba haiachwi bila mtu," anasema. "Golikipa hatoki."

Nahodha wetu alikuwa kijana wa Soweto aliyejifunza kuteleza kwa viatu vya magurudumu kwenye lami ya mtaani kwao, na alikuwa na njaa ya ushindi kuliko sisi wote. Alimpenda Kocha na alimkasirikia, yote mawili kwa pamoja. "Eish, huyu mzee," aliniambia, "angekuwa na nyumba inaungua, angeanza kwa kufunga madirisha." Mimi nilicheka lakini moyoni nilikuwa upande wa mzee. Ni raha kuwa mtu asiyetolewa.

Ulipofika kwake Troyeville ndipo ulipoelewa. Geti la chuma, mnyororo, na kufuli kubwa kama embe dodo. Nyuma ya geti, mlango wa nondo. Nyuma ya nondo, mlango wa mbao wenye komeo. Johannesburg kila mtu anafunga, sisemi, hata mama yangu anafunga saluni mteja akiwa bado ndani ya drayer ya kukaushia nywele. Lakini Kocha alifunga kwa saa. Ikigonga saa mbili usiku, kufuli lilibana, na likibana limebana. Akiwa na wageni, saa mbili kasoro aliwasindikiza hata kama chai haijapoa. Waliomjua zamani walisema ilianza ile miaka ya fujo za kuwafukuza wageni, alipokesha na mkewe na mtoto nyuma ya kabati walilolisukuma mlangoni, wanasikia duka la jirani linavunjwa. Mkewe alifariki baadaye, kwa maradhi, kitandani kwake. Kocha akaendelea kulinda mlango kana kwamba kifo kilipitia pale.

Na huko ndiko alikompotezea mwanawe.

Haya sikuyapata kwake. Niliyapata saluni, ambako siri hazina pa kukaa. Dada yake Kocha, anayeishi chumba cha kupanga mtaa wa La Rochelle, alikuwa mteja wa mama, akija kusukwa anakaa nusu siku, na mdomo hausukwi. Ndiye aliyetuambia. Mtoto alikuwa mmoja tu, wa kiume. Kocha alimfundisha kusimama kwenye barafu kwa kumpa kiti cha plastiki akisukume mbele yake, na kabla hajaota meno ya pili alikuwa anakizunguka kile kiti kwa mguu mmoja. Ilikuwa imekwisha pangwa: akimaliza matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari, aje chuoni kwetu, amchezee baba yake.

Jioni moja kijana akachelewa. Umeme ulikuwa umekatika, robot, yaani taa za barabarani, za mji mzima zimezimika, basi limekwama barabarani. Akafika saa mbili imekwisha pita, akagonga geti. Kocha alikuwa ndani, na aliijua sauti. Akamjibu kupitia dirishani, "Kufuli halina mtoto." Kijana akasimama pale na mfuko wake wa viatu vya barafu, akangoja, akaona kweli halifunguliwi. Akaenda kwa shangazi yake La Rochelle. Matriki ilipoisha akaenda kusoma Pretoria, na kuchezea chuo cha huko.

Toka siku hiyo hakumpa baba yake shikamoo. Hakumtukana wala hakumsema kwa watu. Aliacha tu kumwamkia. Walikutana misibani, harusini, akapita kama anayepita ukuta. Kwetu sisi mtoto akikunyima shikamoo amekuzika ungali unatembea, na Kocha, aliyedai salamu kwa kila mtoto wa mwenzake, aliishi hivyo.

"Ule muzee alikosea," mama alihukumu, kitana mkononi. "Mulango ya baba ni ya kufungia mwizi, hapana mutoto."

Kocha mwenyewe hakumtaja kamwe. Ila mara moja, tukiwa tunakusanya magongo, aliniuliza huku ameinama, kama anayeuliza bei ya nyanya. "Yule namba tisa wa Pretoria unamwonaje?"

"Hatari, Kocha."

"Mm. Akishusha bega la kushoto, usimfuate. Anakudanganya. Atapiga kulia, juu." Akaendelea kupanga magongo. "Toka mdogo anashusha hilo bega. Na mkono wake ni mwepesi, yule. Mwepesi sana." Akasema hivyo kwa muda mrefu, namna anavyopinda, namna anavyopumua kabla ya kupiga, na sauti yake ilikuwa na fahari ambayo hakuweza kuifunika. Sikujua kama ananisaidia kumzuia mwanawe au anatafuta tu mtu wa kumzungumzia. Nadhani ni yote mawili. Wenzangu timuni hawakujua kabisa kwamba namba tisa ni wa kwake. Jezi zetu zilikuwa na namba tu, hazina majina.

Ndipo ukaja mwaka wake wa mwisho. Chuo kilikuwa kimekwisha mwandalia sherehe ya kustaafu, na kilichobaki kilikuwa mashindano ya ubingwa wa vyuo vya kanda, wanaume, timu nne, Jumamosi nusu fainali na Jumapili fainali. Kombe lile chuo chetu hakijawahi kulishika. Nahodha alituapisha chumbani: mzee haondoki mikono mitupu. Mimi niliapa kama wengine, lakini nilikuwa na hofu yangu peke yangu. Ratiba ilikuwa imeonyesha kwamba tukishinda Jumamosi, na Pretoria wakashinda, basi Jumapili ni baba na mwana.

Tulishinda Jumamosi kwa taabu. Pretoria walishinda wakicheka.

Jumapili mchana jengo la maduka lilijaa, watu wenye mifuko ya nguo wakichungulia kutoka ghorofa za juu. Kocha alikuja na koti lake refu, chupa ya chai, na viatu amevipaka rangi. Alitupanga mstari kama kawaida, tukaenda kuwasalimia. Tukatoa mikono, mmoja mmoja, yeye nyuma yetu. Pretoria walikuwa wamezoea, wakatupokea vizuri. Namba tisa hakuwepo. Mwenzake mmoja akasema yuko ndani anafunga kamba za viatu. Kocha alikuwa amekwisha nyoosha mkono kuelekea pale mtu wa mwisho alipopaswa kuwa. Akaurudisha taratibu, akautia mfukoni, akasema kwa Kiingereza, "Kamba ni muhimu."

Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia kijana.

Kipindi cha kwanza namba tisa alinijia peke yake, mabeki wangu amewaacha wamekaa chini. Akashusha bega la kushoto. Kila kiungo mwilini kikataka kumfuata, nikakikatalia, nikarusha mkono kulia, juu, kisahani kikatua kwenye glavu. Watu wakapiga makelele. Yeye hakulalamika. Alisimama, akanitazama, kisha akageuka akatazama benchi letu. Alijua nani kaniambia. Nilikiona kitu kikimpita usoni, na mpaka leo sikijui jina. Hakulishusha tena lile bega. Kipindi cha pili alikuja kwa njia nyingine, akazunguka nyuma ya goli na kunipenyezea kisahani chini ya mguu, mbinu ambayo Kocha hakuwa amenionya kwa sababu si yeye aliyemfundisha. Nilipotoa kisahani wavuni nilimwona Kocha benchini anatikisa kichwa polepole, na sikujua ni kwa uchungu au kwa kukubali.

Nahodha akasawazisha. Kipindi cha tatu, cha mwisho, Pretoria wakaongeza, mbili kwa moja, na kutoka hapo ikawa ni kusukumana, kugongana, refa anapuliza, muda unakwenda. Ikabaki dakika na nukta chache. Refa akasimamisha mchezo, na nahodha akaenda mbio benchini. Nilikuwa mbali lakini uwanja wetu una mwangwi, nilisikia kila neno.

"Kocha, mtoe golikipa."

"Golikipa hatoki."

"Kocha, nakuomba."

"Nyumba haiachwi bila mtu."

Nahodha akavua kofia, uso unamvuja jasho. Hakupaza sauti. "Unalinda nini sasa, Kocha?" alimwuliza. "Kilichokuwemo kimeshaondoka."

Yeye alikuwa anasema habari ya mechi. Alikuwa hajui habari ya geti wala ya dirisha, na asingeisema kama angejua. Lakini nilimwona Kocha amefunga macho. Alipoyafungua hakumtazama nahodha, aliwatazama Pretoria waliokuwa wanajipanga, na namba tisa akiwa kati yao. Kisha akanigeukia mimi, akainua mkono, akanipungia nije.

Kwanza sikuelewa. Wenzangu wakanipigia kelele niondoke. Nikatoka golini na magodoro yangu, nikavuka barafu nzima, nikaruka ubao wa pembeni nikakaa karibu naye. Sijawahi kusikia baridi kama ile. Goli letu lilikuwa limebaki kule mwisho, jekundu, dogo, na hakuna mtu.

Tukawavamia. Sita kwa watano, walishindwa hata kutoa kisahani nje. Nahodha akapata nafasi, akapiga kwa nguvu zake zote, kikagonga mwamba wa goli, chuma kikalia kama kengele uwanja mzima. Kikarudi. Na kikarudi kwa nani, kama si kwake.

Namba tisa alikiokota katikati, akageuka, mbele yake barafu tupu na goli wazi. Mtoto wa shule angefunga. Lakini alipofika karibu hakupiga. Alipunguza mwendo. Nahodha alikuwa anamkimbiza kutoka mbali, anakaribia, na yeye ameshikilia kisahani kwenye gongo, anateleza tu, kichwa amekigeuza upande wa benchi letu. Alikuwa anamtazama baba yake. Nikaona anachoelekea kufanya. Angekipoteza makusudi. Angekipiga nje kwa upole, watu waseme bahati mbaya.

Kocha akasimama juu ya benchi, mzee yule mwenye magoti mabovu, na sauti iliyotoka haikuwa ya Kiingereza wala ya Kirusi.

"Piga, baba. Piga."

Kijana akapiga. Tatu kwa moja. Nahodha akafika amechelewa kidogo tu, akateleza mpaka wavuni na gongo lake, akabaki amelala pale pale.

Mchezo wetu una desturi moja ambayo Kocha aliipenda kuliko zote. Fainali ikiisha, timu mbili hupanga mstari zikapeana mikono, mtu kwa mtu, na hapo hakuna kufunga kamba za viatu. Kocha alishuka barafuni na viatu vyake vya ngozi, anakanyaga kwa uangalifu, akashika mwisho wa mstari. Mimi nilikuwa mbele yake. Namba tisa alinifikia, akanipa mkono. "Alikwambia la bega," alisema kwa Kiswahili.

"Aliniambia."

Akatikisa kichwa. Kisha akavua glavu, akavua na kofia, akaviweka chini kwenye barafu, jambo ambalo wengine wote hawakulifanya. Akasimama mbele ya baba yake, mrefu kumpita.

"Shikamoo, baba."

Kocha aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Marahaba, baba," alisema. Kisha akaongeza, "Umechelewa kupiga."

"Nilijua utasema hivyo," mwanawe akajibu, akainama kuokota kofia ili tusimwone uso.

Natamani ningekoma hapo, lakini kulikuwa na chumba cha kubadilishia nguo, na chumbani kulikuwa na watu waliopoteza kombe. Nahodha alikuwa anangoja. Aliniuliza mimi kwanza, Kocha alisema nini pale benchini. Kabla sijafungua mdomo Kocha mwenyewe alikuwa mlangoni.

"Nimemwambia apige," alisema. "Ni mwanangu. Alitaka kunihurumia."

Nahodha alisimama na viatu vyake vya barafu bado miguuni, akawa mrefu kupita kawaida.

"Sisi je?" aliuliza. "Mwaka mzima, Kocha. Nilikuwa nimebakiza gongo moja kumfikia."

"Najua. Nimewakosea, na sina kisingizio. Lakini mtoto akishakuonea huruma mbele za watu, hamwezi tena kutazamana. Ningeshinda kombe nikamkosa moja kwa moja." "Jambo lilikuwa lenu, sikupaswa kuligeuza kuwa la kwangu. Basi nimeligeuza. Nikasirikieni."

Wengine walimsamehe pale pale, wengine siku ya sherehe ya kustaafu. Nahodha hakuja kwenye sherehe. Mpaka leo tukikutana Braamfontein, tukinunua vetikuku, maandazi ya huku, kwenye kiduka cha spaza, ananiambia tuliuzwa. Simbishii. Yeye alikuwa anakimbia, na anajua alikuwa amebakiza kiasi gani. Mimi nilikuwa nimekaa benchini, na nilielewa lugha. Ukiniuliza, Kocha alitukosea, na kama angenyamaza ningemheshimu kidogo kuliko ninavyomheshimu. Sijui namna ya kuyaweka mambo hayo mawili kwenye sentensi moja yasipigane.

Nilikwenda kumwona Jumapili moja ya hivi karibuni. Sasa nina kazi, nina haraka zangu, na nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kwenda. Mama alinifungia maandazi na ujumbe: "Umwambie Kocha mama anamusalimia, na aache kukaa pekee yake sana." Nilimkuta amepungua. Magoti yamekataa kabisa barafu, na anatembea akishika ukuta. Chai ilikuwa ile ile, ya kuunguza ulimi. Akanisahihisha mara mbili kabla sijakaa vizuri.

Mezani kulikuwa na wali na samaki wa nazi, na pembeni sahani moja imefunikwa kwa kawa. Sikuuliza ya nani. Yeye ndiye aliyeanza, anatazama dirishani.

"Alikuja mwezi uliopita. Alikula, akaongeza. Tulitazama mpira kwenye televisheni, mpira wenyewe mbovu. Akaondoka."

"Mlizungumza?"

"Tulitazama mpira." Akamimina chai nyingine. "Jumapili nyingine huja, Jumapili nyingine haji. Mazoezi yao huisha jioni, na basi unalijua."

Giza likaingia. Mimi mwenyewe, kwa mazoea ya zamani, nilianza kutazama saa ya ukutani, nikaona inaikaribia mbili, nikasimama kabla hajaniambia. Akanisindikiza, polepole, mkono mmoja ukutani. Nje taa ya mtaa ilikuwa imekufa. Mbwa wa jirani alibweka. Nikatoka, akalivuta geti, akazungusha mnyororo, akapitisha lile kufuli kubwa kwenye matundu yake. Nikangoja ule mlio. Ni mlio unaosikika mpaka barabarani, sisi tuliomjua tunaujua. Haukuja. Akaliacha limening'inia, mdomo wazi.

Mtaa ule, saa ile, hakuna anayeacha kufuli wazi.

"Kocha," nikasema, "kufuli halijabana."

"Nimeliona."

"Leo anakuja?"

"Hajasema." Aliligeuza kidogo lile kufuli ili litazame nje, upande wa anayegonga, kisha akajivuta mpaka kwenye kiti cha plastiki pale kibarazani, akakaa, akafunga vifungo vya koti lake mpaka shingoni. "Nenda, bwana mdogo. Basi litakuacha."